Upepo Haupangi Mawe

"Shemeji Dehbia, hizo pilipili zako zina mafua?"

Belaid alikuwa amesimama barabarani, juu ya ukuta wa mawe, mikono mfukoni. Chini yake, kwenye ngazi tatu za shamba zilizochongwa ubavuni mwa mlima, Dehbia alikuwa amepiga magoti akitandaza gunia juu ya miche. Lilikuwa gunia la mbolea lililopasuliwa na kushonewa kipande cha blanketi kuukuu. Pembeni yake yalirundikwa mengine ya namna hiyo hiyo, yakingoja zamu.

"Hazina mafua, shemeji. Nazikinga yasizipate."

"Mwezi wa tatu huu! Nyuki wameshatoka, milozi imeshapukutisha maua, mimi nalala bila soksi, wewe unaivalisha miche sweta. Basi ichemshie na chai ya zaatari, ilale vizuri."

Wanaume waliokaa mbele ya mkahawa wakacheka. Mumewe Dehbia, Meziani, alikuwa miongoni mwao, na yeye akacheka, si sana, kiasi cha mtu anayecheka ili asionekane hacheki. Dehbia aliweka jiwe kwenye pindo la gunia, akaweka la pili, akasogea kwenye tuta linalofuata.

Kwa kweli mwezi huo uliwachanganya watu wote wa Ighil. Theluji ya milima ya Jurjura iliyeyuka kabla ya wakati wake, maji ya chemchemi yakawa mengi, na joto likashuka kijijini kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote, akionyesha kwamba haondoki leo wala kesho. Simu zilisema jua, televisheni ikasema jua. Vikongwe peke yao ndio waliokuwa wakinung'unika, wakikumbusha habari za yule bibi aliyemcheka Januari, Januari akakopa siku moja kwa jirani yake Februari ili amgandishe yeye na mbuzi wake. Lakini nani huwasikiliza vikongwe wakati jua linachoma mgongo? Watu walipanda. Anayewahi kupeleka pilipili sokoni huuza kwa bei anayoitaka, na anayechelewa huwalisha mbuzi.

Dehbia naye alipanda, ila hakuliamini lile jua. Majira yote ya baridi yeye na binti yake Tanina walikuwa wakishona mafuniko. Walikata magunia, mapazia, shuka zilizochanika katikati, hata suruali za kazi za Meziani zisizofaa tena kushonwa viraka. Tanina, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akisema kwamba pilipili zao zina nguo nyingi kuliko yeye.

Na shamba lenyewe halikuwa la Dehbia. Lilikuwa la mjane mmoja aitwaye Smina, ambaye mwanawe alimchukua kwenda kuishi naye Aljeri. Siku anaondoka alimwita Dehbia, akampa ufunguo wa lango.

"Nakujaribu mwaka mmoja," alimwambia. "Nikiliona linapumua, litakuwa lako kulima maadamu niko hai. Nikiliona limelala, nitampa anayelitaka. Na anayelitaka unamjua."

Alimjua. Belaid, kaka yake Meziani, alikuwa amelitaka zamani kwa sababu lilikuwa kando ya barabara. Alitaka kulisawazisha aegeshe magari yake. Alikuwa na magari mawili ya mizigo, na moja kati ya hayo aliliendesha Meziani. Gari la Belaid, mafuta ya Belaid, hata redio iliyomo ilifungwa kwenye stesheni aipendayo Belaid. Mwaka uliopita Dehbia alimwomba Meziani hela ya viatu vya Tanina, Meziani akamwomba Belaid, na Belaid, mbele ya watu, akauliza viatu vya zamani vimefanya kosa gani. Tangu siku hiyo Dehbia alikuwa akimwomba Mungu ampe kitu kimoja tu ambacho akitaka kukitumia hatalazimika kukiomba kwa mlango wa pili.

* * *

Siku hali ya hewa ilipogeuka, iligeuka adhuhuri. Upepo wa kaskazini ulikuja ghafla, ukafagia majani ya mwaka jana kutoka chini ya mitini, na mlima ambao asubuhi ulikuwa wa buluu ukafunikwa. Dehbia alikuwa shambani kabla hata televisheni haijabadilisha maneno. Yeye na Tanina walifunika matuta yote, wakabana kila pindo kwa mawe, mawe makubwa upande wa upepo na madogo upande wa pili. Walipomaliza mikono yao ilikuwa imekufa ganzi.

Ndipo simu ikalia. Dada yake Dehbia, Zahwa, aliyeolewa ng'ambo ya bonde, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, na mama yao hayupo duniani.

Dehbia aliingia nyumbani akafunga nguo zake na za Tanina kwenye mtandio. Meziani alikuwa amekaa karibu na jiko.

"Baba Tanina, nisikilize vizuri. Kila kitu kimefunikwa. Mawe yamewekwa. Sikuombi ufanye kitu. Nakuomba usifanye kitu. Yasiguswe mpaka nirudi, na nikichelewa, mpaka jua lipande lote."

"Mama Tanina, unanikabidhi magunia au hazina ya Serikali?"

"Nakukabidhi mwaka wangu mzima."

Meziani aliacha kutabasamu. Aliweka mkono kifuani. "Nenda kwa ndugu yako. Utayakuta ulivyoyaacha."

Na Dehbia alimwamini. Lazima lisemwe hili, kwa sababu baadaye watu walidai kwamba siku zote alikuwa akimshuku mumewe. Si kweli. Meziani alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumpiga, hakuwahi kumfungia mlango, na mtoto alipougua alikuwa akikesha naye. Dehbia alipanda gari la jirani akaondoka na moyo mweupe.

Zahwa alijifungua mtoto wa kike karibu na alfajiri. Asubuhi mume wa Zahwa aliingia akipuliza vidole, akasema maji ya mbuzi yameganda kwenye birika na mgomba wa mapambo wa mwalimu umekufa umesimama. "Mwaka huu hakuna nyanya wala boga mlima mzima," alisema. "Waliopanda wote wamelia."

Dehbia alikuwa amempakata mtoto. Aliinamisha uso asionekane, kwani moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha hiyo aliionea aibu. Mlima mzima umelia, naye amefunika.

* * *

Barabara ya kurudi ilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Kila bustani waliyoipita ilikuwa imelala chini. Kwa Malha, kwa fundi Akli, kwa wale waliopanda maboga kandokando ya shule, majani yalikuwa yamelegea na kugeuka rangi kama mboga iliyochemshwa ikasahaulika chunguni. Watu walisimama mbele ya matuta yao kama wanaosimama penye maiti. Dehbia alitoa pole kila aliposimama mtu, na alitoa pole ya kweli.

Tanina ndiye aliyefika ukutani kwanza. Alisimama.

Matuta yalikuwa wazi. Yote, kuanzia ngazi ya juu hadi ya chini. Pilipili, nyanya, biringanya, kila mche ulikuwa umekunja shingo, na jua lilivyokuwa likiipiga miche ile ndivyo ilivyozidi kuwa nyeusi, mbele ya macho yao. Hapakuwa na gunia hata moja.

Dehbia alishuka ngazi ya kwanza. Akaokota mche, ukamvunjikia vidoleni kama uzi uliolowa. Alitazama huku na huku, na ndipo alipoyaona mawe. Yalikuwa chini ya ukuta, yamepangwa, makubwa chini na madogo juu. Aliyaona, lakini akili yake ikayapita, kama mtu anayepita mlango asiotaka kuufungua.

Meziani alikuwa jikoni na kikombe cha kahawa. Aliinuka walipoingia.

"Upepo, mama Tanina," alisema kabla hajaulizwa. "Upepo wa kaskazini. Hujapata kuona. Ulivuma usiku kucha, asubuhi nimetoka nakuta kila kitu kimekwenda."

"Kimekwenda wapi?"

"Bondeni labda. Nani ajuaye upepo unakopeleka vitu?"

"Hukutoka usiku kutazama?"

"Nitoke niushike upepo kwa mkono?" Alikaa tena, akakoroga kahawa isiyo na sukari ya kukorogwa. "Mtoto wa Zahwa je? Mzima?"

Dehbia alitua mtandio wa nguo sakafuni. Alimshika Tanina mkono wakashuka bondeni. Walitafuta hadi adhuhuri. Walipita kwenye vichaka vya miiba, wakashuka hadi mtoni, wakapanda upande wa pili. Mikono ya Tanina ilichanika. Wachungaji wawili waliwauliza wamepoteza nini, mbuzi au kondoo, na Dehbia alipowaambia wanatafuta magunia, walitazamana wakacheka. "Mama, nenda nyumbani," mmoja alimwambia kwa huruma. "Jua limekupiga."

"Mama," Tanina alisema walipokuwa wakipanda kurudi. "Hata moja halikunasa mtini?"

"Nyamaza."

"Na upepo unapanga mawe?"

Dehbia alisimama. "Nimekwambia nyamaza, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

* * *

Jibu lilikuja jioni ile ile, tena likaja likitabasamu, limebeba bakuli.

Wiza, mke wa Belaid, aliishi upande wa pili wa ua. Alikuwa mwanamke mnene mwenye bangili nyingi, asiyekuwa mbaya wala mwema, aliyependa tu mambo yaende bila kelele. Aliingia na bakuli la semolina, chenga za ngano zilizokaangwa kwa siagi na asali, akaliweka mezani, akamkumbatia Dehbia na kumbusu mara nne.

"Mdogo wangu, Mungu akulipe. Akulipe mara elfu! Belaid hajui kushukuru, unamjua, lakini mimi nikasema lazima nije. Umetuokoa."

"Nimewaokoa?"

"Mafuniko! Miche yote imesimama, hata jani moja halikuguswa. Gari zima la miche ya kuuza, imetolewa pwani juzi tu, ingekwenda yote. Meziani alipoyaleta jana jioni nilimwuliza, 'Na Dehbia je?' Akasema, 'Dehbia ndiye aliyesema niyalete. Yake ni michache, yenu ni mingi.' Nikalia, haki ya Mungu nikalia. Nikamwambia Belaid, 'Unaona? Na wewe ulimcheka.'"

Dehbia alikuwa ameshika ukingo wa meza. Tanina alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha ndani. Nje sauti ya mbuzi ilisikika, kisha ikakoma.

"Mdogo wangu, mbona umebadilika rangi? Umechoka. Kazi ya kuzalisha si mchezo. Kula, kula kikiwa cha moto."

Ni jambo gumu kuibiwa. Kushukuriwa kwa ulichoibiwa ni gumu zaidi, kwa sababu mwizi unaweza kumfukuza, lakini anayekushukuru utamfanya nini? Dehbia alisikia mdomo wake ukisema, "Asante, dada Wiza. Si kitu." Alimsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi alilifunika bakuli kwa sahani, akakaa kwenye kiti kumngoja mumewe.

* * *

Meziani aliliona bakuli, akaelewa. Alivua kofia, akaizungusha mkononi.

"Wiza amekuja."

"Amekuja kunishukuru."

"Mama Tanina, nilikuwa nikuambie—"

"Alikuomba?"

"Nani?"

"Kaka yako. Alikuomba mafuniko yangu?"

Meziani alitazama sakafu. "Hakuniomba. Alikuja pale mkahawani, ameshapata habari ya baridi, amechanganyikiwa. Akasema tu, 'Si mna yale magunia?' Mbele ya watu. Basi."

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesema nini? Ni kaka yangu. Gari ni lake. Mkate tunaokula…"

"Ungesema ni ya mke wangu."

Meziani aliizungusha tena kofia.

"Ungesema, 'Yale ni ya Dehbia, amekwenda kwa ndugu yake, akirudi mwulize.' Maneno mangapi hayo?"

"Ya kwake ni biashara, Dehbia. Gari zima. Yako ilikuwa…"

"Ilikuwa nini?"

"Ulikuwa unajaribu tu."

Tanina alitoka chumba cha ndani, akapita katikati yao bila kumtazama baba yake, akatoka nje. Meziani alimfuata kwa macho. Usoni alianza kuonekana kama mtu anayegundua kwamba daraja aliloliacha nyuma limebomoka.

"Sikiliza," Dehbia alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Magunia umeyatoa. Sawa. Ulibanwa, ukaona haya, ukatoa. Ningelia, ningekugombeza, yangekwisha. Lakini leo nimeshinda bondeni. Mimi na mtoto. Wachungaji wametucheka. Mikono ya Tanina imechanika. Na wewe ulikuwa umekaa hapa na kahawa yako, unajua. Ulituona tunashuka, ukajua. Hata kuniita ulishindwa?"

"Nilitaka kukupunguzia uchungu."

"Baridi haikuniahidi kitu, baba Tanina. Imekuja ilivyozoea kuja. Wewe uliweka mkono kifuani."

Mlango wa uani ukafunguka, akaingia mama mkwe wake, bi kizee Tasadit, akiburuta kandambili. "Punguzeni sauti. Ukuta una masikio." Alikaa, akavuta sinia la dengu alilokuwa akichagua mawe tangu mchana, akaendelea kuchagua. "Dehbia, mwanangu. Magunia hushonwa mengine. Ndugu hashonwi."

"Na mke, mama?"

Tasadit hakuinua kichwa.

"Mama, ulimwona akipita nayo?"

"Nina macho."

"Na asubuhi uliniona nikishuka bondeni?"

Kidole cha Tasadit kilisukuma dengu moja, kikaisukuma na nyingine. "Mambo ya mume na mke siingii," alisema hatimaye.

* * *

Ijumaa Smina alikuja. Hakutarajiwa hadi wakati wa tini, lakini asubuhi alishuka kwenye teksi mbele ya mkahawa, amevaa koti la mjini juu ya gauni la kijijini, fimbo mkononi. Wanaume waliinuka kumsalimia. Belaid ndiye aliyemshika mkono kumvusha barabara, na Meziani akaja nyuma.

Dehbia alikuwa shambani na Tanina. Alikuwa amekwisha ng'oa miche iliyokufa na kuilundika, na alikuwa akilainisha udongo kwa jembe dogo. Wiza alikuwa juu ukutani pamoja na wanawake wawili watatu, kwani habari huwahi kufika kuliko teksi.

Smina aliteremka polepole, akatazama matuta matupu, akatazama lundo jeusi.

"Belaid alinipigia simu," alisema. "Akasema limeungua lote. Nikasema sitaamini simu, nitakuja nione." Aligeuka. "Kulikoni?"

Dehbia alifungua kinywa, lakini Meziani alimtangulia. Labda hakukusudia. Labda aliona macho ya kaka yake, ya wanaume wale walioegemea ukuta, na ulimi ukakimbilia ulikozoea kukimbilia.

"Alipanda mapema, mama Smina. Tulimwambia. Lakini unawajua wanawake, akishaamua…" Akacheka kile kicheko chake kidogo.

Dehbia alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba kicheko kilimfia Meziani mdomoni.

"Nilipanda mapema, ndiyo," alimwambia Smina. "Na nikafunika. Nilishona mafuniko majira yote ya baridi. Siku ya baridi yalikuwapo juu ya kila tuta, na mawe juu yake. Nilikwenda kumzalisha ndugu yangu, nikamwachia mume wangu. Yeye akayafunua akampelekea kaka yake. Miche ya Belaid imesimama pale chini, nenda kaione, bado imejifunika nguo zangu."

Mwanamume mmoja ukutani alikohoa. Neno la nyumbani kusemwa barabarani, mbele ya wanaume, tena na mke! Tasadit, aliyekuwa amefika nusu ya njia, alishika mtandio wake akaufunika mdomo.

"Wiza," Smina aliita bila kugeuka. "Wewe uko hapo. Ni kweli?"

Dehbia aliinua macho. Siku nne zilizopita mwanamke huyu alimkumbatia na kumbusu mara nne. Bangili za Wiza zililia alipokuwa akijitengeneza mtandio. Alimtazama mumewe, akatazama chini.

"Magunia ni magunia, mama Smina," alisema. "Nani atajua ya nani? Wanaume ndio walioyaleta. Mimi sijui."

"Umesikia?" alisema Belaid. "Mama, mwanamke amepata hasara, anatafuta wa kumtwisha. Ni haki yake, ana uchungu. Lakini shamba lako unaliona mwenyewe."

Smina alimpa Tanina fimbo aishike. Aliinama kwa shida, akachota udongo uliolainishwa, akaufinya kiganjani, akaunusa. Kisha akajipangusa kwenye koti lake la mjini.

"Naliona," alisema. "Mimi nilimpa ardhi, sikumpa miche. Ardhi haikuungua, na hajaiacha ilale." Alimgeukia Dehbia. "Nitakuja wakati wa tini kama tulivyosema. Panda unachotaka. Lakini usinililie mimi, binti yangu, sikuja kuamua ndoa za watu." Akachukua fimbo yake. Alipokuwa akimpita Meziani alisimama kidogo. "Marehemu mume wangu naye alikuwa mpole," alimwambia. "Wapole wamenichosha maisha yangu yote."

Hakuna aliyempigia Dehbia makofi, na hakuna aliyemwambia umefanya vyema. Wanawake waliondoka ukutani mmoja mmoja. Kwa juma zima, alipokwenda chemchemini, mazungumzo yalikuwa yakikoma. Ukweli wake waliuamini wote. Walichomchukia ni kuusema.

* * *

Alipanda maharage. Miche hakuwa nayo tena, wala muda wa kuotesha mingine, na pilipili za mwaka ule alijua atazinunua kama watu wengine. Alifukia mbegu za maharage na maboga moja kwa moja udongoni, yeye na Tanina, na mvua ndogo ikaja ikawasaidia. Mafuniko yalirudishwa uani asubuhi moja, yamekunjwa vibaya, nusu yake yamechanika na mengine hayakurudi kabisa. Aliyeyaleta hakubisha hodi.

Nyumbani mambo yaliendelea. Dehbia alipika, akafua, akamwekea Meziani chakula chake. Alipoulizwa kitu alijibu. Meziani alianza kurudi mapema, akaleta samaki siku moja, akatengeneza bawaba ya mlango iliyolia miaka mitatu. Kila alipomaliza jambo alimtazama mkewe. Dehbia alisema asante, kwa sauti ile ile aliyomwambia nayo Wiza, "Si kitu".

Mwishoni mwa mwezi wa nne, maharage yakiwa yameshatoa majani manne manne, mlima ulijifunika tena. Mchana ulikuwa umekuwa wa joto. Jioni pumzi ya mtu ilionekana. Kijijini watu walipiga kelele kuitana. Dehbia na Tanina walikuwa wakikusanya kila kilichokunjika: mafuniko yaliyobaki, mazulia, maboksi, shuka za kitanda cha Tanina. Hayakutosha. Ngazi ya chini ingebaki wazi.

Meziani alitoka chumbani. Alikuwa amekumbatia lile blanketi zito la sufi, jekundu lenye mistari, ambalo Dehbia alikuja nalo alipoolewa. Kwa miaka kumi na saba walilala chini yake.

"Hili ni pana," alisema. "Litafunika tuta zima, labda na nusu ya la pili. Nitalibeba mimi, ni zito. Mawe pia, mimi nitaweka mawe." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aingizwe ndani. "Nitakaa kule hadi asubuhi, mama Tanina. Wallahi sitoki."

Dehbia alimtazama, na kwa kitambo alimwonea huruma, kwa sababu aliona anasema kweli. Usiku huo asingetoka. Lakini usiku huo Belaid hakuwa amemwomba kitu.

Alinyoosha mikono akalichukua blanketi. Lilikuwa zito kweli. Tanina akashika ncha ya pili.

"Wewe baki," alisema.

"Peke yenu? Na baridi hii?"

"Tumezoea."

Walifika mlangoni. Nyuma yao Meziani alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono yake bado imekunjwa kama anayekumbatia kitu.

"Na leo mimi nitajifunika nini?" aliuliza, akijaribu kuifanya iwe utani.

Dehbia hakugeuka.

"Kamwulize kaka yako," alisema, na wakatoka.